Je, Wajua? Uso Umetulia, Dunia Inakimbia

Je, wajua kwamba ukitembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu asiyechelewa popote, ndani ya robo sekunde umeshasogea sentimita 35? Kamera iliyokaa wazi kwa robo sekunde hiyo inakuona kila ulikopita. Unatoka kwenye picha ukiwa mchirizi wenye viatu!

Kila kamera ina kitu cha kuruhusu na kuzuia mwanga, wapiga picha wanakiita shata. Ikikaa wazi 1/1,000 ya sekunde, mtembeaji wetu anasogea milimita 1.4 tu, kope zake unaweza kuzihesabu. Ikikaa 1/15, amesogea sentimita 9, na hapo pua imeshaota mkia.

Sasa mlete mkimbiaji Eliud Kipchoge. Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40! Hiyo ni karibu mita 5.9 kila sekunde. Mpige kwa 1/30 ya sekunde, anapita sentimita 20 kabla shata haijafunga. Mpige kwa robo sekunde, ameondoka mita moja na nusu, na wewe bado kidole kiko kwenye kitufe.

Na wewe uliyekaa kimya hapo, usijisifu. Keti Nanyuki, pale Ikweta inapopita, ujipige picha ya robo sekunde: dunia imekuzungusha mita 116! Wakati huohuo imekubeba kuzunguka jua kilomita 7 na nusu. Mbona huonekani umetikisika? Kwa sababu kamera nayo imepanda basi hilohilo.

Mwanga wenyewe, ndani ya robo sekunde, unakwenda kilomita 75,000. Karibu mara mbili ya mzingo wa dunia! Halafu mtu anakuambia robo sekunde ni muda mfupi.

Hebu tazama namba za kwenye kamera: 1/4, 1/8, 1/15, 1/30, 1/60, 1/125. Umeushtukia ujanja? Nane mara mbili ni 16, si 15. Sitini mara mbili ni 120, si 125. Namba zimekatwakatwa ili zisomeke vizuri, na kamera nyingi za dijitali zikikuandikia sekunde 30, shata inakaa wazi sekunde 32. Umeongezewa mbili za bure!

Turudi nyuma. Je, wajua kwamba kamera za kwanza hazikuwa na shata kabisa? Mpiga picha alivua kifuniko cha lenzi kwa mkono, akasubiri, akakirudisha. Shata ilikuwa vidole vyake.

Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake Boulevard du Temple, mtaa wa Paris uliojaa watu na magari ya farasi. Kamera ilikaa wazi dakika kadhaa, na picha ikatoka na mtaa mtupu! Waliokuwa wanatembea wote walifutika. Alibaki bwana mmoja aliyesimama mguu mbele anang'arishiwa viatu, na huyo ndiye mtu wa kwanza tunayemjua kunaswa na kamera. Umaarufu wa karibu karne mbili, kisa viatu vichafu.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1839, Robert Cornelius wa Philadelphia alijipiga picha mwenyewe nyuma ya duka la taa la familia yake. Nywele zimetimka, na hayuko hata katikati ya fremu. Hiyo ni selfi, msomaji, na ilipigwa miaka 37 kabla ya simu ya Bell!

Unajua studio za wakati ule zilimtulizaje mteja? Kwa chuma! Stendi nzito nyuma ya kiti, juu yake koleo la kushika kisogo ili kichwa kisicheze. Ukipata picha ya zamani ya mtu aliyesimama, chungulia nyuma ya viatu vyake. Mara nyingine mguu wa ile stendi umechomoza hadharani.

Na watoto wachanga? Hao hakuna chuma cha kuwaweza. Mama alifunikwa shuka gubigubi, akageuzwa kiti, akampakata mwanawe hivyohivyo. Picha za namna hiyo ziko nyingi sana, na ukishamwona mama mmoja chini ya shuka hutaacha kuwatafuta wengine.

Aliyewaokoa wateja alikuwa mwanahisabati wa Vienna, Joseph Petzval. Mwaka 1840 alibuni lenzi ya picha za watu yenye tundu la f/3.6, iliyopitisha mwanga zaidi ya mara 10 ya lenzi za Daguerre. Waliomsaidia kupiga hesabu? Askari wa mizinga wa jeshi la Austria! Watu waliozoea kukokotoa makombora yatue wapi walikalishwa chini wakokotoe mwanga upite wapi.

Hata malkia hakusalimika. Januari 1852 Malkia Victoria wa Uingereza alipigwa picha na wanawe, akatoka amefumba macho. Unajua alifanya nini? Akaukwaruza uso wake kwenye bamba la picha mpaka ukafutika, watoto wakabaki salama! Siku mbili baadaye alirudi kupigwa tena, safari hii amevaa kofia pana iliyoficha uso.

Kwani kufumba macho ni jambo dogo? Mtu hupepesa macho mara 15 hadi 20 hivi kwa dakika, kila mpepeso sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa shata ya haraka, mpepeso mmoja unaharibu picha. Kwa shata ya dakika nzima, unapepesa weee, na macho yanatoka yako wazi! Muda uliofumba ni mdogo mno kuacha alama.

Wa kwanza kucheka na jambo hili walikuwa wauza mizimu. Mwaka 1856 mwanasayansi wa Uskoti, David Brewster, alieleza kitabuni jinsi ya kutengeneza mzimu wa picha: mtu aliyevaa nguo nyeupe asimame kidogo mbele ya lenzi, kisha aondoke kabla haijafunikwa. Anatoka kivuli, ukuta unaonekana kupitia kifuani kwake. Watu walizinunua picha hizo za kutisha wakajiburudisha nazo sebuleni.

Jaribu nyumbani, lakini chagua nguo. Aliyevaa kanzu nyeupe akipita mbele ya ukuta wa giza ataacha mchirizi mkubwa unaong'aa. Aliyevaa buibui jeusi akipita mbele ya ukuta mweupe anaweza kupotea kabisa! Kamera inaandika mwanga. Kilicho cheusi hakina cha kuandika.

Sasa kaa vizuri, nikupe mwanamke mmoja. Julia Margaret Cameron alipata kamera yake ya kwanza Desemba 1863, zawadi ya binti yake na mkwewe, akiwa na miaka 48. Akageuza stoo ya makaa kuwa chumba cha giza na banda la kuku kuwa studio. Kuku wakafunguliwa wakaenda zao. Huko kisiwani Wight aliwakalisha watu kwa dakika 3 hadi 7 kwa picha moja, bila kuwabana kichwa kwa chuma!

Hakuna binadamu anayetulia dakika tano. Unapumua, shingo inayumba, moyo unakusukuma. Basi nyuso za Cameron zina ukungu mwembamba kwenye kingo, na wahakiki wa enzi yake walimcheka wakisema hajui kazi. Mtazame mwanafalaki John Herschel alivyompiga mwaka 1867, nywele nyeupe zinatawanyika gizani, kisha uniambie nani hakujua kazi.

Lakini je, wajua kwamba mchoraji aliwatangulia wote? Kwenye picha ya Diego Velázquez ya wanawake wanaosokota nyuzi, iliyoko makumbusho ya Prado, Madrid, gurudumu linazunguka na njiti zake hazionekani! Ni ukungu mtupu wenye mng'aro. Aliichora miaka ya 1650 hivi, zaidi ya miaka 150 kabla ya kamera kupiga picha yake ya kwanza.

Mpaka hapa watu wengi wanaukimbia mtikisiko. Sasa waone waliouita kwa jina.

Roma, mwaka 1911. Ndugu wawili, Anton Giulio na Arturo Bragaglia, wanapiga picha za watu wakiinama kusalimia, wakipiga chapa, wakibadili mkao kitini, shata ikiwa wazi muda wote. Mtu mmoja anatoka na vichwa vitatu vilivyoungana kwa moshi, na vidole vya mpiga chapa vinageuka wimbi! Anton Giulio alikuwa na miaka 21. Alisema anachotaka si mwili ulivyo, anataka mwendo wenyewe.

Wachoraji wenzake wa kundi la Wafuturisti, watu walioabudu mwendokasi, magari na mashine, walimpokeaje? Walimkana! Oktoba 1913 walichapisha tangazo kwenye jarida la Lacerba kwamba picha zake hazihusiani nao. Wanaopenda kasi wamekataa picha ya kasi. Mimi mpaka leo nawaona walikuwa na wivu tu.

Paris, mwaka 1950. Otto Steinert, Mjerumani aliyesomea udaktari kabla ya kuhamia kamera, anapiga picha barabara kutoka juu. Mpita njia amefutika mwili wote, umebaki mguu mmoja! Mguu ule ulikuwa umekanyaga chini, kwa hiyo ulitulia. Vingine vyote vilikuwa njiani.

Jaribu kulitazama hilo kwa mtu yeyote anayetembea. Kila hatua, mguu mmoja umesimama kabisa huku mwili unasonga. Ndiyo maana kwenye picha za robo sekunde za mtaani unakuta viatu safi vilivyobeba moshi!

Na huyu je? Ralph Eugene Meatyard wa Lexington, Kentucky, alikuwa fundi wa miwani. Siku za kazi anawasaidia watu kuona vizuri. Wikiendi anawapeleka wanawe kwenye nyumba zilizohamwa, anawaambia wacheze, anafungua shata polepole wanatoka ukungu. Sina la kuongeza.

Mwaka 1945 Alexey Brodovitch, mbunifu wa kurasa za jarida la Harper's Bazaar, alitoa kitabu cha picha za wacheza baleti. Alizipiga miaka ya 1935 hadi 1937, kwa kamera ndogo, bila flashi, na wachezaji wamekuwa mawimbi meupe. Zilichapwa nakala 500 tu! Leo wakusanyaji wa vitabu wanakitafuta kwa tochi.

Unakumbuka ile picha ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, mwaka 1932? Henri Cartier-Bresson, bingwa wa kunasa tukio lisiponyoke. Iangalie tena kwa karibu: mrukaji ametikisika! Picha inayosifiwa kuliko zote kwa kusimamisha wakati haikuusimamisha, na haijapungukiwa kitu.

Tuje kwenye muziki. Jalada la albamu ya Bob Dylan, Blonde on Blonde, ya mwaka 1966, lina uso uliotikisika. Baadhi ya watu walidhani ni mambo ya dawa za kulevya. Jerry Schatzberg aliyeipiga alieleza kisa: ilikuwa baridi kali New York, wote wawili wanatetemeka! Na aliyeichagua hiyo kati ya picha kali zilizokuwepo ni Dylan mwenyewe.

Ernst Haas alikwenda Pamplona, Hispania, mwaka 1956 kuwapiga picha wapiganaji wa fahali. Filamu za rangi za wakati ule zilikuwa goigoi sana kwa mwanga, na badala ya kulalamika akaacha shata ikae. Nguo nyekundu, pembe na mchanga vikakorogana kwenye picha moja! Mwaka 1962 jumba la sanaa la MoMA la New York likampa maonyesho ya picha za rangi peke yake.

Francesca Woodman alikuwa mwanafunzi wa sanaa Providence, Marekani, katikati ya miaka ya 1970. Alijipiga mwenyewe kwenye nyumba kuukuu, akisogea wakati shata iko wazi, mpaka anaonekana kama anaingia ukutani. Alifariki Januari 1981 akiwa na miaka 22 tu. Watu wanasoma picha zake vyuoni mpaka leo.

Kule Japani, mwaka 1968, likatoka jarida la Provoke: picha zenye chenga, zilizotikisika, zilizokosa fokasi, kwa makusudi mazima. Lilitoa matoleo matatu tu, likafa. Matatu! Na wapiga picha wa Tokyo wa leo bado wanakula kwa jina lake, Daido Moriyama akiwa mbele yao.

Saint Petersburg, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Muungano wa Kisovieti umevunjika, maduka matupu, watu wanahangaika. Alexey Titarenko anasimama mbele ya ngazi za stesheni ya treni ya chini ya ardhi, anafungua shata muda mrefu. Umati mzima unakuwa wingu linalopanda ngazi! Kisha unaona mikono. Mikono tu, imeshika chuma cha ngazi, kwa sababu walioshika walisimama kidogo zaidi ya wengine.

Kama unapenda siri, hii hapa. Mwaka 1935 msanii Man Ray alijipiga picha gizani huku akichora michirizi hewani kwa taa ndogo. Kwa miaka zaidi ya 70 watu waliiona ni michoro ya ovyo. Mwaka 2009 mpiga picha Ellen Carey akaiweka mbele ya kioo, akasoma: ni saini ya Man Ray! Alikuwa ameandika jina lake hewani.

Na Picasso je? Mwaka 1949 Gjon Mili, mzaliwa wa Albania aliyepigia jarida la LIFE, alimfuata Vallauris, kusini mwa Ufaransa. Picasso alimpa dakika 15 za majaribio. Alipoona matokeo akanogewa, akakubali vikao vitano na kuchora picha 30 za mwanga gizani! Mili aliacha shata wazi kunasa taa, kisha akapiga flashi mara moja kumnasa Picasso mwenyewe, macho yametoka.

Hapo kwenye flashi ndipo utamu ulipo, sogea. Flashi ya kamera ikiwekwa nguvu ndogo inaweza kuwaka kwa 1/20,000 ya sekunde tu. Kama shata yako iko wazi 1/8, flashi imewaka sehemu moja kati ya 2,500 ya muda huo! Sehemu hiyo moja inauchora uso safi, na 2,499 zilizobaki zinachora michirizi ya taa za ukumbi. Picha mbili ndani ya moja, bila kuhariri kitu.

Umeshaona picha za harusi ambazo bibi harusi anacheka wazi kabisa huku taa za rangi zimekuwa nyuzi nyuma yake? Ndiyo hiyo. Mpiga picha kaweka 1/15 au 1/8, kapiga flashi, halafu kaizungusha kamera kidogo kwa mkono. Ukimwona mpiga picha wa ukumbini anapinda kiuno kila akibonyeza, usidhani anacheza muziki!

Je, wajua kwamba flashi ina mwanzo na mwisho, na ukikosea mtu anarudi nyuma? Shata nyingi zina mapazia mawili, la kufungua na la kufunga. Flashi ikiwaka pazia la kwanza linapofunguka, michirizi inatangulia mbele ya mchezaji, anaonekana anavutwa kinyumenyume. Ikiwaka mwishoni, michirizi inamfuata nyuma, na dansi linakwenda mbele. Ni mpangilio mmoja tu kwenye menyu, na wamiliki wengi wa kamera hawajawahi kuugusa.

Bila flashi pia inawezekana. Mwambie dada yako avae dera, azungushe kiuno asizungushe kichwa, wewe weka 1/8. Uso umetulia, dera limekuwa ua! Kichwa kikicheza hata kidogo utajua, maana jicho la binadamu linasamehe mkono uliofutika na halisamehe macho yaliyofutika.

Boda boda ikipita kwa kilomita 36 kwa saa, inakwenda mita 10 kila sekunde. Weka 1/30, mfuate dereva kwa kamera kama unavyomfuata kwa macho, bonyeza huku unaendelea kugeuka. Dereva anatoka safi, na maduka yote nyuma yake yamekuwa mistari! Utaharibu picha nyingi kabla ya kupata moja, hiyo ni ada, lipa tu.

Kijana Jacques Henri Lartigue wa Ufaransa alijaribu hivyo kwenye mashindano ya magari kabla hajafika miaka 20. Shata yake ilikuwa ukanda wenye upenyo uliopita mbele ya bamba polepole, na gari likawahi kusogea kabla ukanda haujamaliza safari. Gurudumu likatoka yai lililoinama mbele, na watu nyuma wameinama upande wa pili! Picha aliyoidharau mwanzoni ndiyo iliyompa jina uzeeni.

Hutaki kuhangaika na kufuata? Panda bajaji. Wewe na dereva mnakwenda pamoja, kwa hiyo kwa kamera yeye ametulia. Barabara ndiyo inayokimbia. Kwa mwendo huohuo wa mita 10 kwa sekunde, shata ya robo sekunde inauvuta mtaa mita 2 na nusu nyuma ya kisogo chake! Bembea ya kuzunguka ya watoto inafanya kazi hiyohiyo, kaa kiti cha jirani.

Sasa tatizo la kwetu: jua. Saa sita mchana, ISO 100, tundu la lenzi f/16, shata inayofaa ni 1/125 hivi. Ukitaka robo sekunde, mwanga umezidi mara 32, picha inatoka karatasi nyeupe! Dawa ni kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi, filta ya ND32, kinachopitisha sehemu moja kati ya 32. Au subiri saa kumi na mbili jioni, bure kabisa.

Mkono wako nao una mipaka. Kanuni ya mafundi wa zamani inasema lenzi ya milimita 50 usiishike kwa mkono chini ya 1/50, na ya milimita 200 usishuke chini ya 1/200. Canon EOS R5 ya mwaka 2020, kwa baadhi ya lenzi, inatangazwa kutuliza mtetemo hadi stopu 8, yaani mara 256! Kwa hesabu, 1/60 inageuka sekunde 4. Lakini inatuliza mkono wako tu. Mtoto anayekimbia hana habari nayo.

Sinema je? Filamu nyingi zinapigwa picha 24 kwa sekunde, kila moja ikikaa wazi 1/48. Simamisha filamu yoyote mtu akigeuka ghafla: uso wake ni ukungu! Ukitazama ikienda huuoni, lakini ukiondolewa mwendo unakuwa wa kukatikakatika.

Ndiyo maana wataalamu wa filamu ya Dragonslayer ya mwaka 1981 walifunga mota kwenye sanamu la joka, likacheza kidogo wakati shata iko wazi. Walitengeneza mtikisiko kwa mashine! Mwaka 1984 kitengo cha kompyuta cha Lucasfilm kikautia kwenye katuni fupi ya André na Wally B., kwa hesabu tupu, bila shata wala kamera. Julia Margaret Cameron alichekwa kwa kitu hichohicho.

Kwenye Chungking Express ya Wong Kar-wai, mwaka 1994, Tony Leung anakunywa kahawa taratibu huku umati unapita mbele yake ukiwa michirizi. Siri ni nini? Yeye na mwigizaji mwenzake walijongea polepole mno, kamera ikanasa picha chache kwa sekunde, kisha kila picha ikarudiwa. Polepole yao ikawa kawaida, na kawaida ya wengine ikawa upepo!

Unataka ya kupindukia? Mwaka 2012 mwanafunzi Regina Valkenborgh alifunga kopo la bia lenye tundu dogo kwenye jengo la darubini huko Bayfordbury, Uingereza, akalisahau. Lilifunguliwa mwaka 2020, baada ya miaka 8 na mwezi 1! Ndani yake jua limechora mistari 2,953. Waliopita mbele ya kopo lile miaka yote hiyo, hata mmoja hayumo.

Wewe huhitaji kopo, una simu. Tangu mwaka 2017 iPhone inaweza kuichukua ile Live Photo ya sekunde 3, sekunde 1.5 kabla ya kubonyeza na 1.5 baada, ikazikoroga picha zote kuwa moja. Fungua picha, gusa neno Live, chagua Long Exposure. Aliyetulia anabaki, aliyecheza anakuwa moshi, na unaweza kuifanyia picha uliyopiga mwaka jana!

Na Google je? Oktoba 2021 walileta Pixel 6. Ndani yake kuna kazi ya kufuta mtikisiko kwenye nyuso za watu, wameitangaza kwa mbwembwe. Ndani ya simu hiyohiyo kuna kazi nyingine ya kutia mtikisiko makusudi nyuma ya mtu, nayo wameitangaza kwa mbwembwe vilevile!